Anayelinda Mlango wa Nyuma

Tarehe 9 Februari

Mjukuu wangu,

Mimi mzima. Goti linauma, lakini goti si habari. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza hali yangu, sikupaona. Umeuliza kama kompyuta imefunikwa, umeuliza umeme, umeuliza Kinyozi kasema nini. Haya. Imefunikwa na shuka la mteja asiyekuja kuchukua nguo zake. Umeme upo. Kinyozi hajasema kitu, yeye ni "sawa Bibi, sawa Bibi" tu, kama anayenyoa mtoto mkorofi.

Mshukuru Matroni wenu kwa kufungia simu zenu kabatini. Bila yeye usingejua hata mwandiko wangu ukoje. Mimi niliishia darasa la nne, lakini herufi zangu zimesimama. Zako zimelala kama walevi, na wewe ndiye unayesomea uuguzi.

Nimeanza kucheza huo mchezo wako wa bunduki wa kwenye kompyuta. Kompyuta nimeiweka mwisho wa meza ya kupigia pasi, na nacheza nimesimama. Maisha yangu yote nimesimama nikinyoosha suruali za watu, sitaanza kukaa leo kwa ajili ya kuua watu wa kwenye kioo.

Wenzako nimekutana nao kwa sauti. Kinyozi, nahodha wenu, namjua tangu anakojoa kitandani, haniwezi. Wale mapacha wa gereji wanagombana hata humo ndani ya hedifoni. Mpishi wa shule haongei, anatafuna. Mimi ndiye wa tano. Nimeelewa kwamba wakibaki wanne ligi inawafuta, na wewe ukirudi hukuti kikosi cha kurudia. Nimeelewa pia kwa nini ulinipa mimi kiti chako ukamwacha yule kijana wa duka la simu, ambaye wote wanasema analenga vizuri. Yule angekaa asiondoke. Mimi ni bibi yako, ukija nitasogea. Akili unayo, adabu ndiyo ilichelewa njiani.

Kazi yako ya kulinda mlango wa nyuma nimeikuta na ni rahisi. Wao wanakuja na bomu lao, wewe unawazuia wasilitege. Basi. Nyumba hii nimeilinda peke yangu tangu babu yako alipofariki na hakijapotea hata kijiko.

Kula. Na hao wagonjwa uwachome sindano taratibu.

Bibi yako


Tarehe 15 Februari

Sindano,

Muuguzi wetu, salamu kutoka kwetu wote. Naandika hii saluni, mteja ana povu kidevuni, kwa hiyo nitasema haraka.

Bibi yako anakufa wa kwanza. Sisemi mara nyingi, nasema kila raundi. Halindi mlango, anatoka kuwafuata wapinzani huko huko kwao, anakimbia, anafyatua huku anakimbia, risasi zinaenda mbinguni. Akiwa hakimbii anatazama sakafu kama mtu aliyedondosha kifungo. Kipanya anakikandamiza kama pasi, kitufe cha kushoto kimezama hakirudi, nimempa kingine. Akishakufa hatuambii risasi imetoka wapi, anawaambia mapacha walivyolelewa vibaya. Jana nikamuuliza adui yuko wapi, akasema, pale, kwa yule mwenye shati baya. Wote wamevaa sare.

Tumempenda, sikufichi. Mpishi amecheka mpaka akapaliwa. Lakini tuko karibu na mkia wa ligi, na wa mkiani anatolewa. Tukitolewa, mapacha wanahamia kikosi kingine, wameshaniambia. Nimchukue kijana wa duka la simu? Sema neno moja. Bibi sitamwambia mimi. Tafuta wewe wa kumwambia.

Kinyozi


Tarehe 22 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Samahani, kweli sikuuliza hali. Goti likoje? Usilikande kwa mafuta ya moto, lifunge kitambaa.

Huku tunaamka kabla ya jua, tunatandika vitanda vya wodi, Matroni anapitisha kidole chini ya shuka kutafuta mkunjo. Nikimwona nakukumbuka wewe.

Leo nimewaza mchezo tu, hakuna aliyeniambia chochote. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikifa nilipoanza, nikaona nikuandikie.

Usiwafuate. Kazi ya mlango wa nyuma ni kungoja. Mtu akija kwako anatembea, na anayetembea anasikika, wewe uliyesimama husikiki. Ukikimbia unawapa wao masikio.

Ile alama ndogo ya kulengea iliyo katikati ya kioo, usiiache sakafuni. Iweke pale kitakapotokea kichwa cha mtu kwenye kona, hata kama kona ni tupu. Akitokea, unabonyeza tu, huna haja ya kumtafuta.

Simama kwanza, ndipo ufyatue. Kidole kiguse kitufe, kisikandamize.

Ukimwona adui, sema mahali na idadi, nyamaza. "Wawili, ngazi." Ya malezi yao utasema mechi ikiisha.

Na kila ukifa, mchezo unaweza kukuonyesha tena ulivyokufa. Kinyozi akuonyeshe pa kubonyeza. Ujiulize kosa lilianza wapi, maana huwa linaanza kabla ya risasi. Usijifunze yote kwa pamoja, Bibi. Shika moja, likikaa mkononi, shika jingine.

Nakutegemea.

Mjukuu wako

(Kinyozi nimemwandikia leo hii hii, mambo ya salamu tu.)


Tarehe 3 Machi

We msichana,

Uongo wako una miguu mifupi. "Nimewaza tu." Ukawaza alama yangu sakafuni, ukawaza malezi ya mapacha, ukawaza kidole kinachokandamiza? Kinyozi kakuandikia. Nilikwenda saluni nikamkuta na wembe mkononi, nikamuuliza mbele ya wateja. Alikiri bila kupigwa. Akasema pia umemjibu kwamba kijana wa duka la simu asichukuliwe, Bibi abaki. Hapo nimekusamehe nusu.

Msiniandikie kama mnamwandikia mgonjwa. Kama sijui niambieni sijui. Nilipofika mjini sikujua kuwasha pasi ya umeme, nikaunguza gauni la harusi la mtu, na leo hakuna kola mtaa huu inayovaliwa bila kupita mkononi mwangu.

Nimefanya kama ulivyosema, moja moja. Asubuhi kabla wateja hawajaleta mafurushi nasimama mbele ya kioo, kwenye ule uwanja wa mazoezi wenye vinyago vya mbao, nalenga vichwa. Kwanza ile alama ilikuwa inateremka yenyewe, mkono umezoea meza. Sasa imeanza kukaa juu. Nimepunguza mbio za kipanya, Kinyozi kanionyesha, nasukuma kwa mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Mapacha walisema taratibu hiyo ni ya kizee. Nikampata mmoja wao mazoezini, ya kichwa.

Kujitazama ninavyokufa si jambo la kumfanyia mtu mzima, lakini nimejitazama. Nilikuwa nakufa kijinga. Nilijiona natoka mlangoni bila sababu, kama mwanamke aliyesikia ugomvi wa jirani.

Sasa jambo jingine, maana utalisikia tu kwa huyo mwenye mdomo. Humo mchezoni adui akiwa karibu anasikia ninachosema, nami namsikia. Hilo hamkuniambia. Jumamosi nimetulia nyuma ya mlango, nimenyamaza kama ulivyonifundisha, mambo yangu mazuri. Mara nasikia kijana, sauti nzuri kabisa, ananiamkia: "Shikamoo Bibi." Nikamwitikia. Nikauliza na wa kwenu hawajambo? Sikumaliza. Alikuwa ameshajua nilipo, akanipiga kupitia ubao.

Wakacheka kikosi kizima, wao na sisi. Sasa kila tunayecheza naye ananiamkia. Watoto wa watu, tangu asubuhi hawajamwamkia hata mama yao, mimi naamkiwa raundi nzima.

Goti nimelifunga.

Bibi yako


Tarehe 11 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimeipata barua yako leo, nina mtihani kesho, kwa hiyo ni fupi. Usiitikie. Nakuomba. Pale hawakuamkii, wanakutafuta. Kuna kitufe cha kuzima maiki yako pamoja na sauti zao, Kinyozi akikuonyesha ukizime, wala hutakuwa umevunja adabu maana hutawasikia na hawatakusikia. Tukishuka nafasi moja zaidi tumekwisha, na mimi humu ndani sina kingine ninachokihesabu kuwa changu. Vitanda ni vya wodi, sare ni ya chuo, kozi ni ya baba, yeye ndiye aliyeichagua.

Mjukuu wako


Tarehe 13 Aprili

Mjukuu wangu,

Nimekawia kukujibu kwa makusudi. Nilikuwa na hasira, na barua ya hasira inakula karatasi.

Maiki sikuzima. Mtoto akimwamkia mtu mzima, mtu mzima akanyamaza, amemwambia yule mtoto hana kwao. Haijalishi kakuamkia kwa nini. Nia ni yake, kuitika ni kwangu. Kinyozi aliniletea maneno hayo hayo ya kitufe, nikamwambia kitufe kama hicho angekifunga kwake kwanza.

Kwa hiyo tumeendelea kufungwa, na mimi nikiitikia. Mapacha walininunia. Mpishi, ambaye tangu Februari hajasema neno, aliniambia, "Bibi, utatumaliza." Nikaona sasa jambo ni kubwa.

Nikarudi kujitazama ninavyokufa, maana ulinifundisha kosa huanza kabla ya risasi. Nikawasha ile raundi, naiangalia huku nanyoosha mashati ya benki. Anasema shikamoo, nasema marahaba, nakufa. Narudisha. Anasema shikamoo, nasema marahaba, nakufa. Shati la tatu ndipo nikajiona mjinga. Nani ametangulia kusema? Yeye. Anaponiamkia anakuwa bado hajui nilipo, ndiyo maana ananiamkia. Na mimi namsikia kabisa, ni sikio la kushoto au la kulia, ni juu ya ngazi au chini. Nilikuwa nikiletewa mtu mkononi, nami namuuliza habari za kwao.

Tangu hapo nikawa napiga pasi hedifoni zimo masikioni, mchezo unaendelea, kioo nimekipa mgongo. Nasikiliza tu. Hatua za kwenye bati, hatua za kwenye mchanga, mtu anayebadilisha risasi. Wateja wakadhani nimekuwa kiziwi, wakawa wanasengenyana mbele yangu. Nimejua mengi.

Jumamosi tukakutana na kikosi kilichokuwa nasi hapo hapo mkiani. Anayefungwa anatoka. Tukafika raundi ya mwisho tukiwa sawa, wenzangu wote wamelala, upande wao kabaki mmoja na bomu lake. Nimesimama mlango wa nyuma, alama iko juu mahali pa kichwa. Kinyozi alitaka kuniambia kitu, nikamwambia afunge mdomo. Kimya. Kisha upande wa kulia, nyuma ya tangi la maji, karibu kabisa, "Shikamoo Bibi."

Nikageuza mkono, akachungulia, nikagusa kitufe.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Hujambo?"

Salamu yake sikumnyima. Ila ilimkuta amelala.

Tumebaki kwenye ligi. Wenzako walipiga kelele mpaka nikavua hedifoni. Nikamalizia mashati.

Bibi yako


Tarehe 20 Aprili

Sindano,

Najua Bibi amekuandikia, na najua hakukuambia yote, maana hajisifu kwa mambo ya kweli. Tangu siku ile tumeshinda zote. Hakuna anayepita mlango wa nyuma. Wameacha kumwamkia, wakikaribia kwake wanatembea kwa kunyata, na kwa kunyata kwao wanachelewa kutega bomu.

Tumekaa wanne tukaongea. Tunaomba Bibi abaki kwenye nafasi hiyo mpaka msimu uishe. Wewe ukija likizo utakuwa wa akiba. Si kwamba tumekukataa. Unajua mwenyewe mkono ukikaa miezi bila kipanya unakuwaje.

Nijibu.

Kinyozi


Tarehe 28 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Kinyozi kaniandikia kwamba utabaki na nafasi yangu na mimi niwe akiba. Wewe hukuniandikia. Uliandika mashati, uliandika tangi la maji, hili ukaliacha.

Nilikuchagua wewe kwa sababu uliyoisema mwenyewe. Yule kijana nisingemlaumu, angefanya kama mtu baki. Nakuja likizo wiki ijayo. Nikishusha begi nataka kucheza. Kama haiwezekani niambie sasa nibaki huku huku, kuna wanafunzi wanaobaki kusaidia wodi.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Mei

We msichana,

Barua hii nampa dereva wa basi akuletee mkononi, maana posta haina haraka na wewe una kichwa kigumu.

Waliponiuliza niliwajibu kiti kina mwenyewe, wamuulize yeye. Kumbe hawakuuliza, walitangaza. Huyo Kinyozi nitamnyoa mimi.

Njoo. Siku utakayoingia mlangoni nitatoka. Meza nimeifuta, waya nimezifunga vizuri, kipanya chako cha zamani nimekitoa kwenye sanduku. Kigoda nimekuazimia kwa jirani, kwa kuwa ninyi wa siku hizi hamwezi kusimama.

Usinifananishe tena na mtu baki.

Bibi yako


Tarehe 25 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Matroni amechukua simu, akanusa begi, akauliza nani amenipigia pasi sare. Nikamwambia.

Nilipoondoka sikusema kitu kwa sababu nilijua nikiongea pale mlangoni nitalia, na wewe ungeniambia nilie kwa sauti ndogo wateja wasikimbie. Naandika sasa.

Nilicheza wiki mbili na tulifungwa karibu zote. Ulisema ni joto. Ulisema umeme mdogo. Uliwafokea mapacha kabla hawajanifokea. Ulisema kipanya cha zamani kimezeeka, wakati ni wewe uliyekisugua kwa pamba mpaka kikang'aa.

Mechi ya mwisho, nilikuwa nimebaki mimi na mmoja wao. Nimekaa kwenye kigoda, hedifoni moja sikioni na nyingine nimeiacha nje, wewe uko nyuma yangu unanyoosha. Nasikia pasi inakwenda, inarudi. Kisha pasi yako ikasimama. Mimi sijasikia chochote bado. Nimetulia nangoja kama nilivyokufundisha, na pasi imesimama nyuma yangu, kitambaa kikaanza kunuka, ndipo nami nikasikia hatua, upande wa ngazi, na alikuwa ameshafika. Nikafa.

Ulikuwa umesikia kwa sauti iliyokuwa ikivuja kwenye ile hedifoni ya nje. Ulijua yuko wapi kabla yangu. Neno moja tu lingetosha, "ngazi," na ningempata. Hukulisema. Uliunguza nguo ya mtu ukiwa umefunga mdomo.

Nilikasirika safari nzima ya basi. Kisha hasira ikaisha, nikabaki na jambo lenyewe. Mlango wa nyuma wewe unaulinda vizuri kuliko mimi. Nilitaka nikute kiti, nimekikuta, na nilipokaa nikajiona nimekalia cha mtu. Nimeshamwandikia Kinyozi. Mimi ni wa akiba.

Huku jana walinipa zamu ya kuchoma sindano watoto. Wa kwanza hakulia. Sikutegemea kuifurahia kazi hiyo.

Mjukuu wako


Tarehe 3 Juni

Mjukuu wangu,

Pasi ilisimama kwa sababu goti lilinikaza. Nguo ilikuwa ya Kinyozi, kwa hiyo hakuna hasara.

Haya, goti silo. Nilimsikia. Alikuwa kwenye ngazi, ana mguu mzito, namjua huyo. Sikusema kwa sababu zamu ilikuwa yako. Ningekuambia ngazi, ungempiga, ungeshangilia, na kesho yake ungekaa hapo unangoja tena sauti yangu. Mimi sikukulea hivyo. Na wewe uliponiandikia alama iwe juu ya kona tupu, hukuja kunishikia mkono.

Umenipa kiti. Nimekaa nalo hilo siku kadhaa, nikapiga pasi nguo za watu wote mpaka zikaisha, kisha nikaenda saluni nikamwambia Kinyozi aandike jina langu. Si la akiba. Akauliza, Bibi, kwa muda gani? Nikamwambia anyoe.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sitaliandika mara ya pili. Tangu Februari nilikuwa nakushikia kiti, na kitu cha kushikiwa unakishika kwa vidole viwili usikichafue. Nimechoka kushika. Nakipenda kiti hiki. Naamka nikikiwaza, mtu mzima kama mimi, na sitaomba radhi kwa hilo kwako wala kwa baba yako.

Kwa hiyo sikushikii tena. Ni changu. Ukija likizo ijayo, kompyuta ya pili iko saluni kwa Kinyozi. Utakaa kule, mimi hapa, tucheze wawili, mimi nalinda mlango na wewe unakuja na bomu. Utakipata siku utakayonitoa, na sitakuachia kwa sababu nilikubeba mgongoni.

Mpaka hapo, chuoni huko ukiwa na nafasi, kaa ufumbe macho usikilize watu wanavyotembea.

Bibi yako